Honi Alivyomfundisha Mdogo Wake Kuimba

Gereji nzima ilimwita Honi, na jina lilimkaa kabla hajaota ndevu vizuri. Kazi yake ilikuwa kupiga rangi magari. Alipoimba huku akipiga msasa mlango wa gari, mafundi wa upande wa injini walizima mashine ili wamsikie. Jumamosi jioni alivua ovaroli, akavaa koti jeusi la ngozi, akaenda kuimba na wenzake katika bendi ya roki yenye magitaa mawili, besi, dramu na spika za kuazima.

Wimbo uliowapa jina mjini uliitwa "Sitafunga Mlango". Honi aliutunga mwaka ule mkewe alipokasirika akarudi kwa mama yake. Ulianza na gitaa moja tu, polepole, kama mtu anayekunong'oneza sikioni. Kisha dramu ziliingia kwa kishindo, na mwishoni Honi alipanda na sauti moja ya juu, akakaa nayo huko huko mpaka wanawake wakashika vifua. Mara ya kwanza aliuimbia kwenye geti la mama mkwe. Mama mkwe alisema kama kelele zenyewe ndizo hizo, binti abebe tu mkoba wake aende, mtaa upumzike. Binti akaenda.

Baada ya miaka mingi ya kuvuta mvuke wa rangi bila barakoa, Honi aliota uvimbe kooni. Akapasuliwa. "Uhai umebaki," daktari alimwambia. "Sauti sikukuahidi." Akatoka hospitali na kovu shingoni na sauti iliyokwaruza kama kopo linaloburutwa kwenye sementi. Gereji waliendelea kumwita Honi. "Honi betri imekufa," mtu wa injini alisema, na watu wakacheka, na yeye akacheka nao kwa sababu hakuwa na pa kuuweka uso wake.

Wenzake wa bendi walikuja kumpa pole na mfuko wa machungwa. Kiongozi wao, mpiga gitaa, aliyamenya mawili, akala yote mawili, ndipo akasema lililomleta.

"Mkubwa, tusizungukane. Watu wanautaka ule wimbo. Mdogo wako ana sauti yako ile ile, ila mpya. Tunaomba umfundishe ile ya juu ya mwishoni."

Mkewe Honi, aliyekuwa akikusanya maganda, alijibu kwa niaba yake: "Atamfundisha."

Mdogo wake alikuwa kinyozi, kijana mpole wa mikono laini. Honi ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akambeba mgongoni alipougua, akampondea wali uwe uji alipong'oka meno. Kijana alimwita kaka, lakini alimtii kama baba.

Walianza mazoezi sebuleni, na somo la kwanza Honi alimfundisha vizuri. Sauti itoke tumboni, alisema. Kidevu kishuke. Shingo ilegee kama ya mtoto aliyelala. Kijana akajaribu, akashindwa, akajaribu tena, na ghafla ile sauti ya juu ikatoka, safi, ikajaza chumba. Mkewe Honi alikuwa akipiga pasi. Akasimama na pasi mkononi, macho yamelowa.

"Sikujua huu wimbo ni mzuri hivi," alisema. Kisha akacheka kidogo, akamgeukia mumewe. "Ulipokuwa unaniimbia wewe, nilikuwa naona aibu kwa majirani."

Alikuwa anatania. Honi aliinuka, akaenda uani, akasimama huko mpaka shati lililokuwa likipigwa pasi likamalizika.

Somo la pili alibadilisha kila kitu.

"Jana nilikuelekeza vibaya," alimwambia mdogo wake. "Inua kidevu. Kaza koo, kama unanyanyua gari."

Kijana akafanya hivyo. "Kaka, panauma."

"Panapouma ndipo panapofunguka. Unadhani mimi nilifikaje?"

Sauti ilipoanza kukauka, alimwambia kutu inatoka. Kijana alipoomba apumzike, alimwambia mwimbaji wa kupumzika akauze mitumba. Daktari alikuwa amemweleza Honi, neno kwa neno, mambo yanayoua koo la mtu, na yeye akamfanyisha kijana yote, kwa upole, mkono wake begani mwa mdogo wake.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Honi alisimama nyuma ya jukwaa, karibu na nyaya. Gitaa likaanza. Kijana aliimba ubeti wa kwanza kwa sauti yenye mikwaruzo, na watu wakanyamaza. Dramu zikaingia. Ilipofika ile ya mwisho, alikaza shingo, mishipa ikatutumka, akapanda. Sauti ilifika juu ikapasuka. Kilichotoka baada ya hapo kilikuwa kilio. Ukumbi mzima ukasimama. Walidhani ni mapenzi.

Alikuja nyuma ya jukwaa akitabasamu, leso mdomoni. Leso ilikuwa na damu.

"Nimefika, kaka," alinong'ona.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye sauti, kama kile kilikuwa sauti. Daktari yule yule alimwangalia kooni, akauliza ni nani aliyemfundisha kuimba namna ile. Honi alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Kijana akaomba kalamu, akaandika: mwenyewe.

Nyumbani, mkewe Honi alingoja mpaka shemeji yake alipotoka kwenda kazini.

"Siku ile ya kwanza ulimwambia ashushe kidevu. Nilikuwa hapo napiga pasi."

"Ulisikia vibaya."

Hakubishana naye. Alihamishia godoro lake chumba cha stoo. Aliendelea kupika, kupakua na kufua, lakini hakumsemesha tena. Nyumba ikawa na wawili wasio na sauti na mmoja asiyetaka kusema.

Kijana hakukaa muda mrefu. Rafiki yake alikuwa na saluni mji mwingine, akaenda huko. Bendi ilipata mwimbaji mwingine, binti mwenye kifua cha chuma, na wimbo ukaendelea kupigwa harusini, madukani, hata kwenye redio ya pale gereji. Hakuna aliyeizima.

Mchana mmoja simu ya Honi ililia akiwa amechuchumaa anabandika karatasi kwenye vioo vya gari. Alikuwa mdogo wake. Upande wa pili zilisikika mashine za kunyolea na watu wakicheka, na katikati yake mnong'ono.

"Kaka. Ulikuwa unajua?"

Honi alilisikia kila neno. Akatazama huku na huku. Kompresa ya kupulizia rangi ilikuwa imezimwa. Mafundi walikuwa wameenda kula.

"Sikusikii," alisema.

"Nauliza, ulikuwa unajua?"

"Sikusikii. Hapa kuna kelele."

Mdogo wake akauliza tena, polepole, akilivuta kila neno kwa shida. Honi akarudia jibu lile lile, mpaka simu ikakatwa. Akaiweka mfukoni, akaulainisha ukingo wa karatasi kwa kidole gumba, akaenda kuchanganya rangi.