Mbuzi Aliyefika Barazani Kabla ya Maneno

Kwa miezi kumi na minne Clémentine aliishi Kasongo kwa dada yake Léontine, na kazi yake kubwa ilikuwa moja: kumpelekea mumewe chakula gerezani. Aliyeleta chakula alitakiwa kukionja kwanza mlangoni, mbele ya askari. Kila siku saa nne asubuhi alifungua sufuria, akamega tonge la wali, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kutafuna, huku Roger, askari wa zamu, akimtazama koo mpaka lishuke.

"Mama Glody, leo umetia chumvi mingi," Roger alimwambia siku moja.

"Umejuaje, chefu, na haujaonja?"

"Uso yako. Unakunja kama mutu anakunywa kinini."

"Basi onja mwenyewe."

"Mimi nikianza kuonja, Papa Glody atabakia na sufuria tu."

Papa Glody, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, ndiye Gédéon, mume wa Clémentine, mkulima wa mpunga wa upande wa Wamaza, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mwenyekiti wa komite ya wakulima. Kosa lake lilianza na swali. Kwenye daraja la njia iendayo sokoni palikuwa na barieri ya chifu wa sekta, mti mmoja uliolazwa kukata barabara, na kila baiskeli yenye mchele ilitakiwa kuacha hapo kopo moja. Siku ya soko Gédéon alisimama mbele ya watu akaomba aonyeshwe karatasi inayoruhusu kopo hilo. Hakuna aliyeionyesha. Wiki iliyofuata hakuna baiskeli iliyopita. Wakulima waliacha mchele ghalani, wakakaa kimya majumbani mwao. Wiki ya tatu Gédéon alikamatwa kwa kuchochea watu dhidi ya mamlaka, akalala siku tisa mahabusu Kabambare, kisha akaletwa Kasongo. Kesi yake iliitwa mara nne na kuahirishwa mara nne.

Mara mbili aliambiwa aandike barua ya kuomba msamaha aende zake nyumbani. Mara mbili alikataa. Maelezo aliyompa mkewe kupitia tundu la mlango hayakuwa marefu.

"Sikukosa. Barieri itoke kwanza, njo na mimi nitoke. Siku nitaomba masamaha, ile kopo inakuwa haki yao."

Clémentine alimwelewa. Alielewa pia kwamba mguu wa kushoto wa mumewe ulikuwa umevimba tangu masika, na kwamba Grâce, mtoto wao wa mwisho mwenye miaka mitano, alipoulizwa baba yake yuko wapi, alijibu, "Iko anangojea chakula." Mambo hayo mawili hakuyataja mbele ya Gédéon. Angeyataja ili Gédéon afanye nini?

Kilichosogeza mambo ni ghala za wakulima. Mwaka ulipita bila mchele kushuka sokoni. Wachuuzi kutoka Kasongo wakaacha kwenda Wamaza, maduka yakafungua nusu siku, na chifu wa sekta akaanza kuulizwa maswali na waliomzidi cheo. Padri mmoja na shehe mmoja walikwenda kuketi naye. Walirudi, wakaenda tena, wakarudi tena. Mwishoni yalibaki maneno ambayo kila upande ulikuwa umeyakubali: mti utolewe darajani, Gédéon aachiwe bila barua yoyote, baiskeli zianze kupita. Lililosalia ni chifu kuyasema kwa kinywa chake barazani, mbele ya watu wote, siku ya Alhamisi.

Asani, mtoto wa baba mkubwa wa Gédéon na Mwislamu pekee katika komite, ndiye aliyeiongoza tangu mwenzake afungwe. Alimpigia Clémentine simu.

"Shemeji, kuja. Ukae tu, watu wakuone. Hauna neno ya kusema siku ile."

"Nije mikono mitupu, kaka?"

"Kuja na mwili yako, inatosha," Asani alisema, akacheka.

Clémentine alichukulia hayo kuwa adabu ya mtu asiyetaka kumsumbua mke wa mfungwa. Kwao, kijiji alikozaliwa karibu na Kasongo, hakuna anayekwenda kumwomba mkubwa neno bila kitu chenye pumzi. Mbuzi hutangulia, mkubwa hufunguliwa kinywa, ndipo maneno huanza. Léontine alikuwa na mawazo hayo hayo, ila makali zaidi.

"Unaenda kumuomba mutu akufungulie mume, na mikono inaning'inia kama ya mutoto? Unataka waseme hatukulelewa?"

Akamfungua mbuzi wake dume wa pekee aliyefungwa nyuma ya jiko, akampa mdogo wake kamba.

Dereva wa pikipiki, kijana aliyeitwa Pacifique, alimlaza mbuzi mbele yake juu ya tangi, miguu imefungwa kwa ukanda wa mpira. "Mama, huyu wa mbele akikojoa, ni wewe utafua suruali," alisema. Walilala njiani, na asubuhi ya Alhamisi mvua iliwaweka saa nzima kwenye kijito kilichofurika. Walipofika, baraza lilikuwa limekwisha kaa.

Lilikuwa banda refu la nyasi lisilo na kuta. Upande wa kulia waliketi wanaume wa komite, nyuma yao baiskeli zimeegemezwa moja juu ya nyingine. Upande wa kushoto waliketi watu wa ofisi ya chifu. Padri na shehe walikaa benchi moja. Chifu alikuwa ameshasimama ili aanze. Njia ya kuingilia ilikuwa moja tu, katikati, na Clémentine aliifuata akimvuta mbuzi aliyekuwa bado na ganzi ya miguu.

Wanaume wa komite hawakumtazama yeye; walitazama kamba.

Katika kijiji cha mumewe, mbuzi akivutwa kwa kamba na ndugu wa mshitakiwa kabla ya neno la kwanza, maana yake ni moja. Familia imekubali kosa na hii ndiyo faini. Mkubwa akishapokea kamba, shauri limekufa, na hakuna mtu, hata awe nani, anayeweza kulifufua. Clémentine alikuwa ameolewa humo miaka kumi na tisa. Mbuzi wa namna hiyo alikuwa amewapika mara tatu au nne. Lakini wanawake hawaitwi kwenye mashauri. Nyama iliwafikia jikoni imekwisha katwa. Kamba hakuwahi kuiona.

"Shemeji!" Asani aliinuka nusu, akakwama hapo, kwa kuwa chifu alikuwa ameshanyoosha mkono.

Chifu hakuwa na haraka. Alikuwa mtu aliyekuja kushindwa mbele ya watu wake, na sasa aliona kitu kinamjia chenyewe kwa miguu minne. Kati ya mkono kunyooshwa na mkono kufika palikuwa na nafasi, fupi lakini ya kutosha. Clémentine alizitazama nyuso za upande wa kulia. Aliona mzee mmoja amejifunika macho kwa kofia. Hakujua amefanya nini, ila alijua ni kibaya, na kwamba angeweza bado kurudi nyuma hatua mbili akakaa chini na mbuzi wake. Aliutazama mkono wa chifu. Huo ndio mkono uliokuwa na ufunguo.

Akaachia kamba.

"Familia imefika," chifu alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Familia imekubali kosa. Mimi siko mutu wa kinyongo. Sekretere, andika. Mutu wao atatoka."

Padri aliinua mkono. "Na barieri, chifu? Tulikubaliana."

"Padri, mbuzi ikishapokelewa, hakuna neno. Haiko mimi nilitunga hii. Uliza hao wazee, desturi iko yao."

Padri akawageukia wanaume wa komite. Kwa desturi hiyohiyo walikuwa wamemaliza kesi za mashamba, za wake, za damu. Kuikana siku hiyo kulikuwa kuzifungua zote. Mmoja mmoja wakaanza kutoa baiskeli zao.

Nje, Asani hakupiga kelele, na Clémentine angependa apige.

"Nilikuambia kuja na mwili yako."

"Kaka, nilifikiri ni heshima tu unanifanyia. Kwetu..."

"Kwenu." Alilirudia neno hilo kama anayelipima uzito. "Zaidi ya mwaka watu wanakula muchele yao bila chumvi, shemeji. Hata sabuni waliacha. Sasa niwaambie kwenu?"

Mkulima mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli hakujizuia. "Mama Glody, siku ingine utuletee ngombe. Tutalipa kopo mbili."

Watu wachache walicheka. Siku ya soko iliyofuata baiskeli zilipita darajani, na kila moja iliacha kopo lake kwenye gunia la mlinzi. Safari hii kulikuwa na karatasi: muhtasari wa baraza, uliobandikwa kwenye ule mti.

Amri ya kumwachia Gédéon ilifika Kasongo siku sita baada ya baraza, ikitaja mbuzi na kosa lililokubaliwa. Clémentine alikwenda na shati safi, bila sufuria. Roger alimpokea kwa kucheka, akaingia kumwita mfungwa, akatoka peke yake.

"Anakataa."

"Anakataa nini?"

"Kutoka. Anasema hajaomba masamaha, kwa hiyo hajasamehewa. Mama, mimi niko kazi hii miaka kumi na moja. Waliotoboa ukuta nimewaona. Huyu ni wa kwanza."

Mlango ulikuwa wazi kidogo na Clémentine aliyasikia yote yaliyofuata.

"Papa Glody, jina yako imetoka ku rejista. Hauko hapa."

"Niko hapa. Si unaniona?"

"Kwa macho, uko. Kwa karatasi, hauko. Mimi siwezi kulinda mutu hayuko."

Wafungwa wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele kwamba kama kuna nafasi ya kutoka isiyo na mwenyewe, yeye anaichukua. Gédéon hakucheka. Alikaa kwenye mkeka wake mpaka saa sita. Hapo askari wawili wakamshika kwapani, bila ukali, kama wanavyotolewa wageni waliolewa arusini, wakamweka nje kwenye jua. Mkeka ukatupwa nyuma yake. Mlango ukafungwa.

Alikuwa amekonda. Shati safi lilimpwaya mabegani. Alilifunga vifungo kwanza, vyote, ndipo akauliza.

"Nani alishika kamba?"

"Mimi."

"Asani hakukuambia?"

"Aliniambia nije mikono mitupu. Sikumusikiliza."

Gédéon aliitikia kwa kichwa. Mpaka hapo alionekana kuyakubali mambo. Mke wa kutoka mbali, desturi asiyoijua, hayo hutokea. Kisha akauliza swali ambalo Clémentine alikuwa akilingojea tangu Alhamisi.

"Na wakati alinyoosha mukono, ulikuwa bado haujui kitu?"

Angeweza kusema hakujua. Hakuna mtu duniani ambaye angempinga.

"Nilijua iko kitu mubaya. Sikujua ni nini. Nikaachia."

"Juu ya nini?"

"Juu yako, Papa Glody. Nilitaka utoke."

Gédéon alikunja mkeka polepole, mguu mbaya ameunyoosha pembeni.

"Nitaenda ku baraza," alisema. "Nitasimama mbele ya watu niseme ile mbuzi haikutoka kwangu. Mwanamuke aliileta kwa kichwa yake. Kama mbuzi haiko yangu, kosa haiko yangu, na maneno haijaisha."

"Watakufunga tena."

"Wanaweza."

"Na mimi watanisema nini?"

"Watasema kitu ulifanya."

Clémentine alitafuta la kumzuia. Alifikiria mguu, alifikiria Grâce, akayaona yote mawili ni mepesi mno kwa mtu aliyetolewa gerezani kwa kubururwa. Akinyamaza Gédéon, kila kopo litakaloachwa darajani litakuwa limetoka mkononi mwake yeye Clémentine. Akisema, atarudi gerezani, na kijiji kizima kitasikia kwa kinywa chake kwamba mkewe alimlipia kosa ambalo yeye alilikana. Hakuna mtu aliyemwomba achague. Mara moja tu ndipo kitu kilipokuwa mikononi mwake, na alikuwa ameshakiachia.

Dereva mmoja aliona watu wawili na mkeka, akasogeza pikipiki.

"Wapi, papa?"

"Wamaza," alisema Gédéon. "Kwa chifu wa sekta."

"Njia imeharibika sana, papa. Mushike muzuri."

Gédéon alipanda nyuma ya dereva, mkeka umewekwa mbele. Clémentine alipanda wa mwisho. Nyuma yake hakukuwa na chuma cha kushika. Kilichokuwepo ni mgongo wa mumewe tu, akaushika, na mgongo ule haukusogea wala kuegemea.