Bomba la Moshi Alilochagua Mama

Juzi nilikuwa gereji moja hapa Mbulu mjini nikisubiri pikipiki yangu, akaingia mzee mmoja na gari la spoti la zamani, jekundu, la milango miwili, likipiga kelele kama trekta. Bomba lake la moshi lilikuwa limekatika kwenye mawe ya barabara ya Masieda.

Fundi akamletea mabomba mawili. Moja jipya, linang'aa. Jingine limetumika, lina kutu.

"Mzee, chukua hili jipya. Halina kelele, na gari litavuta vizuri."

Mzee akakuna kidevu. "Yafunge kwa zamu, niyasikie."

Fundi akafunga jipya, akawasha gari. Mzee akapiga simu, akaweka spika, akachuchumaa nyuma ya gari. "Shikamoo, mama. Sikiliza hili."

"Marahaba. Gari la nani hilo? Kuna mgeni?"

Likafungwa lile lenye kutu. Gari likakohoa, kisha likaunguruma. Kwenye simu sauti ya bibi kizee ikachangamka: "Ni wewe! Umefika mlimani? Ngoja nibandike chai."

Mzee akatueleza kuwa mama yake, kule Nambis, hawezi tena kutoka nje kumpokea. Lakini akilisikia tu gari likipanda mlima, sufuria iko motoni.

Nami siku zote nilidhani bomba la moshi huchaguliwa kwa ajili ya injini. Fundi naye alikuwa bado anasifia lile jipya.

"Kaza hilo hilo," mzee akamkatiza, akirudisha simu mfukoni. "Na ufanye haraka. Chai imeshabandikwa."