Siku Pikapu ya Baba Ilipokunywa Omulamba

Mkinikuta Kagoma nimejifunga mtandio mpaka puani msidhani nimeongeza ucha Mungu, najificha tu, maana kule hata watoto wa shule wakiniona wanatoa mlio wa sufuria inayochemka, na kusema kweli wana haki. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, kwa sababu mkasa huu umeshavuka maji mpaka kwa wavuvi wa kisiwa cha Bumbire, na huko wameongeza kwamba gari lililipuka, na mimi nasema halikulipuka (lilitapika tu).

Marehemu baba alituachia pikapu kuukuu ya jeshi aliyoinunua mnadani, ya kijani, milango ya bati, turubai nyuma, umeme wa volti ishirini na nne unaotaka betri mbili ndipo iamke, na ubavuni ina kibebeo cha chuma cha kuwekea dumu la maji. Alipofariki ikakaa uani kwetu Hamugembe mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Baba mdogo Swaibu, ambaye ndiye mkubwa wa familia sasa, akataka iuzwe kwa watu wa chuma chakavu. Nikakataa. Mimi nimekua nikimshikia baba spana, sikuwa tayari kuona gari lake linakatwa vipande kama mkaa wa jiko, basi nikafukuza kuku, nikafumua breki zote, nikachomelea chesisi iliyooza, nikasafisha kabureta kwa mswaki wangu mwenyewe (nilinunua mwingine), na kila jioni Baba mdogo akipita uani ananiambia, "Zaituni mwanangu, unapaka maiti mafuta."

Mwisho tukakubaliana. Kaka yangu Rashidi alikuwa anaoa Kagoma, kule Muleba, kwa hiyo mizigo ya ukweni ingebebwa na pikapu. Ikienda na kurudi yenyewe, inabaki uani. Ikirudi imefungwa kamba nyuma ya gari la mtu, kesho yake watu wa chuma wanaitwa. Nikasema sawa, na usingizi ukaisha hapo hapo.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipoanzia. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo, nimeiziba kwa gundi ya chuma, lakini nilijua kilima kirefu kingeweza kuichosha. Asubuhi ya safari nikalijaza maji lile dumu la chuma, nataka kuliweka mahali pake, nikamwona Baba mdogo amesimama mlangoni na kanzu yake nyeupe ananitazama. Nikaona kubeba maji mbele yake ni sawa na kumwambia kwa mdomo wangu kwamba gari linachemsha. Yale maji nikayamwagia migomba, na kwenye kibebeo nikachomeka maua ya plastiki. Yalipendeza, hilo sikatai.

Wazee wakatangulia na gari la kukodi, mimi nikafuata na mizigo, pembeni yangu amekaa jirani yetu Mama Shadya, aliyekamua omulamba kwa mikono yake. (Omulamba ni maji ya ndizi mbivu, matamu, kabla hayajachachuka na kuwa pombe ya lubisi. Sisi Waislamu wa Bukoba ndiyo tunayoweza kupeleka ukweni bila kugombana na shehe.) Nyuma kulikuwa na mikungu ya ndizi, mchele, mbuzi mmoja aliyekuwa analalamika tangu Hamugembe, na madumu ya omulamba yamepangwa kama wageni rasmi. Tulikwenda vizuri mpaka nikaanza kuimba.

Tulipoingia kwenye rweya, yale majani matupu yasiyo na nyumba wala mgomba, kilima kikaanza na geji ya joto ikapanda nayo. Nikasimama. Nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni, gundi yangu imebanduka upande mmoja na rejeta imebaki na kelele tu. Hapo hapo simu ikaita.

"Mko wapi?" Baba mdogo akauliza. "Tumesimama njiani kama ombaomba, hatuwezi kuingia kwa watu mikono mitupu."

"Tunakuja, Baba mdogo, tumeshafika."

Mama Shadya alikuwa ananitazama ninavyoyatazama madumu. "Zaituni, usiniambie unachofikiria."

"Ni maji tu, Mama Shadya. Yana sukari kidogo."

"Nimezikamua hizo ndizi mpaka vidole vimejikunja."

"Gari likizima hapa, wewe na omulamba wako na mbuzi mtalala kwenye majani, na baba yangu atauzwa kwa kilo."

Mama Shadya akachukua kikombe cha plastiki, akakitoboa chini kwa kisu, akanishikia kiwe faneli. Nikaibana gundi upya, nikasubiri injini ipoe, nikamimina omulamba mpaka rejeta ikajaa, na pikapu ikakipanda kilima kile kwa heshima zote.

Mbele kidogo tukavuka kijito. Mtu mwenye akili angesimama pale, akamwaga ule omulamba na kutia maji kwenye rejeta. Mimi nilisimama, nikateka maji, nikayatia kwenye dumu lililopungua, kwa sababu nilichokuwa naogopa wakati ule ni wakwe kuona dumu halijajaa. Kwa hiyo nikaingia Kagoma maji yakiwa kwenye dumu la omulamba na omulamba ukiwa kwenye rejeta, na mimi nimenyoosha shingo.

Vigelegele vilipigwa. Baba mdogo aliitazama pikapu, akatabasamu, mara ya kwanza tangu tuanze kubishana. Injini sikuizima, maana betri moja ilikuwa dhaifu na sikutaka kuaibika kwa kusukumwa. Kwa wale watu maneno hayaanzi kabla kinywaji cha wageni hakijaonjwa, na mwonjaji ni shangazi wa bibi harusi, bibi mmoja mfupi anayeitwa Bi Hidaya. Madumu yote yalikuwa makavu isipokuwa lile nililolijaza kijitoni, lililoloa ubavu mzima, na yeye akadhani limejaa mpaka limefurika. Akalielekeza hilo.

Akanywa funda moja. Akalizungusha mdomoni.

"Amaizi," akasema kwa Kihaya. Maji.

Kabla Mama Shadya hajafungua kinywa kujitetea, boneti ikaanza kutetemeka. Mfuniko wa rejeta ukaruka, povu la kahawia likamwagika mpaka kwenye matairi, na harufu ya ndizi zilizopikwa na kuungua ikajaa uwanja mzima, wakafuata nyuki kutoka kwenye mibuni, nao wakaona sherehe ni yao. Watu walikimbia na viti vyao. Baba wa bibi harusi ndiye pekee aliyebaki amekaa, akalitazama dumu, akalitazama gari, akasema taratibu, "Waitu, jamani, kumbe gari limekunywa, sisi tumeletewa lililobaki."

Walicheka mpaka Bi Hidaya akashikiliwa. Rashidi alificha uso kwenye kofia yake. Baba mdogo hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma, nikaona waziwazi pikapu ya baba ikipandishwa kwenye lori la chuma.

Nililia, nisiwadanganye. Lakini nililia huku navaa ovaroli juu ya dera langu jipya, kwa sababu sharti lilikuwa kwenda na kurudi, na kurudi kulikuwa bado. Wenzangu walikula pilau, mimi nilikuwa chini ya boneti nafungua mipira ya maji. Sukari ilikuwa imeshika kila mahali. Nikaomba maji ya moto kwenye mafiga ya harusi, nikamimina, nikakung'uta, nikamimina tena, mpaka wanawake wa kule wakaanza kunipokezana ndoo, na wa mwisho kuleta alikuwa Bi Hidaya mwenyewe. "Haya yaonje kwanza," akaniambia. Nikaziba tena, na jioni ikawaka.

Baba mdogo akakataa gari la wazee. Akapanda kwangu, dumu la maji aliloazima ukweni amelipakata juu ya kanzu, na njia nzima hakusema kitu ila "simama" kila alipoona inafaa nipumzishe injini. Tuliingia Hamugembe bila kamba. Akashuka, akayang'oa maua yangu ya plastiki, akalichukua dumu la chuma nililoliacha uani asubuhi, akalijaza bombani na kulisukuma kwenye kibebeo mpaka likakaa.

"Kaka hakuwahi kuliacha hili tupu hata siku moja," akasema, akageuka haraka, sikuuona uso wake.

Watu wa chuma hawakuitwa. Rejeta nimeitoa nzima na kuichomelea upya, na sitoki hata kwenda sokoni bila kulitikisa lile dumu nisikie uzito wake, atazame atakayetazama. Kagoma bado naenda, ingawa kwa mtandio, kwa sababu wifi yangu, anayeishi huko na Rashidi, ananipenda na kila nikifika ananikaribisha kwa glasi ya omulamba. Anainyoosha, halafu anairudisha kifuani kwake na kuniuliza, "Wifi, hii ni yako au ya gari?"