Chacha Si ya Asili

Wengi hudhani chacha ni jina la mtu au la mahali. Sivyo. Ukitaka kulielewa jina hilo, vaa viatu vya ngozi, simama kwenye sakafu ya saruji, kisha uburute nyayo upesi: cha, cha, cha. Inasemekana ni mlio huo, kule Kuba, ulioipa dansi hii jina. Mama alinifundisha hivyo jikoni kwetu Malaba, akinishika viganja. Yeye aliijulia chacha ukumbini, enzi za santuri zilizovuka mpaka kutoka Kampala. Alikuwa amelelewa misheni, ambako ngoma za kijijini zilikatazwa kabisa. Hajawahi kucheza ngoma nyingine ila chacha.

Mwaka huu kamati ya sherehe ya utamaduni ilimwomba, kama mkongwe, aonyeshe ngoma ya ujana wake. Wiki nzima alifanya mazoezi akiegemea meza.

"Hii ya mwisho," aliniambia. "Baada ya hapo, goti hili alichukue anayelitaka."

Uwanjani, mwenyekiti wa kamati, kijana mwenye adabu, alisikia neno chacha akacheka. "Mama, hiyo ni ya wageni. Sisi tunataka ya asili."

Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Wengi wa waliopiga ngoma Kuba walikuwa vitukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Mdundo ulitoka kwetu kwa minyororo, ukarudi kwa santuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu. Lakini wageni wa kaunti hawana muda wa historia."

Wakamvisha Mama shanga na sketi ya makonge juu ya gauni lake, wakamketisha mbele apige makofi huku wasichana wa shule wakicheza.

"Mama, changamka basi! Tuonyeshe vile mlikuwa mnakata kiuno zamani!" mshereheshaji akamwita kwenye kipaza sauti.

"Zamani gani? Ningekata kiuno hivyo, sista wa misheni angenikata masikio."

Uwanja mzima ukacheka. Walidhani anatania. Hata mimi nilitabasamu, maana alilisema vizuri, kisha nikaona mikono yake imeacha kupiga makofi. Alikaa hivyo, ameinamisha uso, mpaka wageni walipoondoka.

Nyumbani nilimvua zile shanga moja moja. Nikamwambia mwakani tutaomba mapema, tutawaeleza vizuri zaidi, wataelewa.

"Mwakani wakija," alisema, "waambie nimekufa."