Siku Nilipomsifu Mzee Kasiani

Jamani, nawasimulia lakini msinicheke sana, maana mpaka leo nikipita Mjimwema kuna akina mama wakiniona tu wanajishika mbavu, na haki yao wanayo.

Enzi zile mitumba ndiyo imeanza kujaa sokoni Songea, mimi nikiwa katibu wa jumuiya yetu (cheo nilichopewa kwa ajili ya sauti, si akili). Tulikuwa na Mzee Kasiani, mlei tu, mkulima, mjane asiye na mtoto, ila tangu ujana amefundisha watoto katekisimu, ameezeka nyumba za wajane, ameosha wagonjwa wasio na ndugu na kuwazika. Mwaka ule kifua kilimbana, nami nikaogopa kweli kwamba ataondoka hatujamwambia asante. Nikamweleza padri: "Sisi tunasifu watu wakishakufa. Huyu tumsifu angali anasikia!" Padri akafurahi, akaniachia shughuli yote. Kosa hilo.

Nikaamua iwe siri, maana mzee angejua angekataa. Jumamosi, kifua kikiwa kimetulia, nikamtuma mzee kule Madaba ampelekee katekista vitabu vya nyimbo, arudi Jumapili mchana. Kwenye matangazo ya misa nikasimama na suti yangu nyeusi ya mtumba (nilikuwa na hiyo hiyo moja). Sasa, mimi sifa za mtu nimezisikia wapi zaidi ya makaburini? Nikafuata njia ile ile: "Mzee wetu Kasiani alizaliwa Lusewa, akabatizwa, akatutumikia kwa upendo..." Sauti ikaanza kutetemeka. Nikamaliza: "Mchana tukutane nyumbani kwake. Mwenye kuni, unga, maharage, aje navyo." Nilitaka kuongeza kwamba tunakwenda kumshangilia, lakini kilio kilinizidi, nikakaa. Kwaya, bila kuambiwa, ikaanzisha wimbo wa mazishi. Padri alishatoa baraka anakimbilia gari, kigangoni walikuwa wanamsubiri.

Mchana nikatokea kwa mzee na blanketi la zawadi begani. Uani pamejaa! Wanaume wamefunga turubai, wamekoka moto, akina mama wanalia kwa sauti, na mimi (Mungu anisamehe) nikadhani ni machozi ya furaha. Mama Otilia, jirani yake, akanikumbatia.

"Pole, katibu. Kumbe safari ile ya Madaba ndiyo ya mwisho! Mwili unafika saa ngapi?"

"Mwili gani, mama?"

"Wa Mzee Kasiani, si umetutangazia mwenyewe?"

Nikapanda juu ya kigoda nikapiga kelele kwamba mzee hajafa, na vilio vikazidi. "Maskini, majonzi yamempanda kichwani!" Wakanishusha, wakanikalisha, wakaninywesha maji kwa nguvu.

Hapo ndipo pikapu ikasimama barabarani, akashuka Mzee Kasiani. Kuona turubai, akavua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Nusu ya waombolezaji walipotelea kwenye mahindi, Mama Otilia akiwa mbele yao. Mzee akanijia, uso umejaa huruma, anakunja mikono ya shati.

"Mwanangu, nani katutoka? Kaburi limeshachimbwa?"

Nikapiga magoti nikamweleza yote. Nilitamani ardhi inimeze, maana kwetu kumlilia mtu aliye hai si mzaha. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akavuta kiti akakaa mbele kabisa.

"Waiteni waliokimbia. Na wewe, sema tena uliyoyasema kanisani. Safari hii nipo."

Nikayasema, sauti inakatika. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kofia mapajani, machozi yanamdondokea juu ya kofia ile. Nilipomaliza akasema polepole, "Kumbe mlikuwa mnaona."

Tukala ule ugali wa msiba kwa vigelegele. Lakini tangu siku hiyo nimeapa, simsifu mtu kanisani kabla sijamsimamisha mbele ya altare, waumini wote wamwone anapumua.