Watazamaji wa Saluni ya Murara

Katika saluni moja ya Murara, televisheni ilikuwa ikionyesha filamu ya vita vya angani: sehemu iliyotengenezwa mwisho lakini inayosimulia mwanzo. Yaani kijana mpole anayemfungia mchumba wake ndani ya chombo cha anga, eti “kumlinda”, ndiye yule dikteta anayeunguza sayari katika sehemu ambazo sote tulishaziona.

“Mutoto ya watu, kimbia!” msusi aliifokea televisheni, kitana mkononi.

“Umuache, anamupenda sana,” alisema binti aliyekuwa akisukwa kwa ajili ya sherehe ya mahari yake kesho. “Wakisha kuoana, atabadilika.”

Tulicheka wote. “Atabadilika wapi? Mwisho yake tuko tunaijua!”

Simu ya binti ikalia. Alikuwa mchumba wake.

“Niko ku saluni, chéri. Na bamama tu. Sikia.” Akainua simu hadi kwenye mashine ya kukaushia nywele, akaishikilia pale mashine ikinguruma mpaka bwana aliporidhika.

Kuhusu filamu, kila mmoja wetu alikuwa na maoni. Kuhusu simu, msusi aliuliza kama kuna aliyeona kitana chake. Alikuwa amekishika.