Kona ya Chini, Kulia

Siwapendi watu wa lenzi, nami ni mmoja wao. Mtu wa lenzi akija kwako haulizi watoto wameamkaje. Anauliza lenzi yako ina milimita ngapi, kisha anakueleza za kwake mpaka chai ipoe. Nimekaa nao Bujumbura, nimekaa nao hapa Rumonge katika studio yangu ya picha za pasipoti, na sijaona hata mmoja aliyepiga picha ambayo mtu angeitundika ukutani.

Kamera yangu ni ya marehemu baba. Ni ya filimu, ya chuma, nzito mfukoni kama jiwe. Hutazami kupitia lenzi yake. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu, upande wa kushoto, unamwona mtu wako ni wawili, unazungusha lenzi mpaka wawe mmoja. Hapo unabonyeza, na mlio wake ni mdogo hata anayepigwa hausikii. Kila Idi, baada ya swala, baba alitupanga mbele ya nyumba yetu ya ufukweni. Mama alikaa kwenye kigoda mwisho kabisa upande wa kulia, karibu na mlango, kwa sababu kwetu mwenye nyumba hakai katikati kama bibi harusi; anakaa mlangoni. Baba alirudi nyuma hadi kwenye mchikichi, akabonyeza mara moja. Mara moja tu, hakurudia. Nilirithi kamera, nikarithi na hiyo mara moja, na majivuno yake yote.

Halafu ziwa likapanda. Lilikula jiko, likala nusu ya ua, na mchikichi ukabaki umesimama majini. Dada yangu alikuwa na nyumba juu huko Gatete, akamwita mama mara tatu. Mama alikubali kwa sharti moja: kwanza apigwe picha ya Idi mbele ya nyumba yake, watu wote wakiwemo, ndipo afunge mizigo.

Kwa lenzi ya baba haikuwezekana. Hatua nne nyuma, maji. Ningepata nusu ya familia, na nusu nyingine ingeninunia hadi Idi ijayo. Nilihitaji lenzi pana, inayowachukua watu wengi kwa karibu.

Lenzi zililetwa na shemeji, mume wa dada, aliyeishi Ulaya miaka mingi na kurudi na miwani ya jua ambayo hakuivaa machoni bali kichwani. Alitandaza taulo jeupe mezani kwangu, akaziweka juu yake lenzi mbili pana, upana wao sawasawa. Moja ndogo, nyembamba, kuukuu, imechubuka rangi. Nyingine kubwa, kioo chake kinang'aa, na mbele ina kofia ya chuma ya kuzuia jua.

“Shemeji, beba ile kidogo,” alisema. “Ile kubwa itakufunga mu kadirisha. Kona ya chini, huku kuume, hautaiona.”

“Na hii kubwa ni ya kazi gani?”

“Ni ya gizani. Wewe unapiga saa ine ya asubuhi, jua iko kali. Ya nini?”

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu ambaye hajawahi kupiga hata ndoa moja, anakuja kunifundisha mimi, mwana wa mpiga picha, katika studio aliyoniachia baba, juu ya taulo! Nilichungulia na lenzi kubwa. Kweli, kona ya chini kulia ilizibwa na chuma cheusi. Nikasema moyoni kwamba fundi hahitaji kuona kila kitu, fundi anajua kilichopo. Nikachukua kubwa.

Siku ya Idi walipangwa, thelathini na kitu, kanzu na vitenge. Mabinti walitoa simu zao. Niliwafokea. Niliwaambia picha ya mama si ya kubonyezwa mara ishirini kama vile mtu anafukuza nzi, zirudi mikobani. Zikarudi. Mama alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, na mapajani aliweka kofia ya baba, ile ya vito, iliyodariziwa kwa mkono. Nilirudi nyuma mpaka maji yakaingia kwenye viatu. Nikalinganisha, nikashusha pumzi, nikabonyeza mara moja.

Nilipoteremsha kamera watu walikuwa wameanza kutawanyika kwenda kwenye pilau. Mama alikuwa bado amekaa, kofia mapajani, ananitazama.

“Baba, umekwisha?” aliniuliza. Ndivyo anavyoniita, baba.

“Nimemaliza, mama.”

Wiki ile ile alihamia Gatete. Mvua zilipokuja, ukuta wa mbele ulianguka na mlango wake, na sasa pale wavuvi wa Magara wanaopita huegesha mitumbwi.

Filimu ilichelewa kusafishwa Bujumbura. Nilipoiona picha nilikaa chini. Ni safi, nakiri. Shemeji mwenyewe, katikati, ametoka kama waziri. Wote wanatazama mbele. Kona ya chini kulia kuna mgongo, ushungi mweupe, na mkono umenyooshwa chini. Upepo wa ziwa uliidondosha kofia, mama akainama kuiokota. Uso haupo. Na mimi nilidhani namtazama, kumbe pale alipokaa kidirisha kilinionyesha chuma cheusi tu.

Nilifikiria kumwambia filimu iliungua. Ni uongo wa kawaida katika kazi yetu, nimewadanganya nao maharusi wengi. Lakini aliomba kitu kimoja tu, na nyumba haipo tena. Nikapanda Gatete na picha ndani ya bahasha.

Aliishika kwa mikono miwili. Alipitisha kidole kwa kila mtu, akiwataja mmoja mmoja, mpaka kidole kikafika penye mlango, kikasimama.

“Na miye niko wapi?”

Nikamwonyesha mgongo. Aliutazama sana. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

“Kofia ilianguka,” alisema. “Nilijua unaniona, baba. Nikasema ataningoja. Ulikuwa unaangalia nini?”

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa naangalia lenzi.